Kwa nini kolamu uliyoshindilia mwenyewe haidumu

Kolamu ya HPLC, mashine ya kutenganisha na kupima kemikali, iliyotoka kiwandani, ikitunzwa, hupokea sindano elfu moja za sampuli na zaidi kabla ya kuchoka. Ile iliyoshindiliwa hapahapa maabara mara nyingi huanza kusumbua kabla chupa ya pili ya methanoli haijafunguliwa. Vilele vinanenepa, kisha kila kimoja kinazaa pacha, presha nayo inapanda. Wa kwanza kulaumiwa ni sampuli: chai ya Rungwe ina tanini, dondoo la pareto la Mufindi lina nta, mafuta ya parachichi la Njombe yamegandia ndani. Pengine lawama hiyo ni ya haki. Ila kwa kolamu za kushindilia wenyewe, mara nyingi kosa lilishaingia siku ya kushindilia, na sampuli imelikuta tu.

Kwa asiyeizoea mashine hii, maelezo ni mafupi. Pampu inasukuma kimiminika kupita katika bomba la chuma cha pua, kwa kawaida lenye urefu wa sentimita 25 na kipenyo cha ndani cha milimita 4.6. Ndani yake kumejazwa unga wa silika, chembe za mikromita 5, ambazo uso wake umevikwa minyororo ya kaboni 18; ndiyo maana unga huo huitwa C18. Kila mwisho wa bomba kuna friti, kisahani cha chuma chenye vitundu vya mikromita 2 hivi, kinachozuia unga usitoke. Sampuli ikiingia, kila kemikali hushikwa na unga kwa muda wake, hivyo zinatoka kwa zamu na kigunduzi kinachora kilele kwa kila moja. Kafeini ya kahawa ya Mbozi, katekini za chai, sumukuvu ya mahindi, zote hupimwa kwa njia hii.

Kwa nini mtu wa Mbeya au Iringa ahangaike kushindilia? Kolamu mpya ni mamia ya dola, ikitoka nje inapitia Dar es Salaam, halafu ina zaidi ya kilomita 800 za barabara ya TANZAM kufika Mbeya. Wakati huohuo droo za maabara zimejaa mabomba ya kolamu zilizokufa, chuma kikiwa kizima kabisa. Unga wa kolamu moja ni gramu 3 tu, kwa hiyo kopo la gramu 100 linatosha kolamu 30 na ushee. Hesabu inavutia.

Wala si ushamba. Mikhail Tsvet, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Warsaw mwanzoni mwa karne ya 20, ndiye aliyeanzisha kromatografia, yaani mbinu hii ya kutenganisha kemikali, na alijaza unga wa chaki katika mirija ya kioo kwa mkono wake, akapitisha dondoo la majani na kuona rangi zikijitenga mikanda mikanda. Kolamu yake, hata hivyo, haikutakiwa kubeba presha ya bar 200 kila siku kwa miezi.

Kabla ya kuilaumu kolamu

Kuna ugonjwa unaofanana na kifo cha kolamu na kumbe uko nje yake. Nati na feruli (pete ndogo zinazobana bomba la kuunganishia) za watengenezaji tofauti hazilingani kina. Bomba jembamba la kuunganishia likikazwa na nati iliyozoea kolamu nyingine, huweza kuishia milimita moja au mbili kabla ya kugusa mwisho wa tundu. Nafasi hiyo ndogo inageuka dimbwi ambamo sampuli inazungukazunguka kabla ya kuingia. Vilele vinaburuta mkia au kunenepa, hasa vile vya mwanzo. Kwa kuwa wanaoshindilia wenyewe hutumia mabomba ya kuokoteza yenye asili mbalimbali, jambo hili linawapata wao kuliko wengine. Legeza nati, sukuma bomba jembamba mpaka ligote, likiwa limegota kaza tena. Ukiwa na kolamu ya kiwandani, hata kuukuu, ifunge mahali pale upitishe sampuli ileile. Kama nayo inatoa vilele vibaya, kolamu yako haina kosa.

Kingine cha kufanya mapema ni kuwa na rekodi ya siku ya kwanza. Bila rekodi hiyo hakuna uchunguzi, kuna ramli. Siku kolamu inapokamilika, pitisha mchanganyiko mwepesi wa urasili, tolueni na naftalini kwa methanoli na maji, kigunduzi kikiwa nanomita 254. Urasili haishikwi na C18, inapita moja kwa moja na kukuonyesha muda wa kimiminika chenyewe kupita. Naftalini inashikwa vizuri. Andika daftarini muda wa kutoka kwa kila kilele, upana wake, mkia wake, presha, na joto la chumba. Joto tunalisahau, nalo kwa nyanda zetu ni muhimu kuliko Dar, nitalirudia.

Upana wa kilele hugeuzwa kuwa idadi ya sahani za kinadharia, kipimo cha ubora wa kolamu. Gawanya muda wa kutoka kwa upana wa kilele katikati ya kimo chake, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha zidisha kwa 5.54. Kilele kinachotoka dakika ya 8 kikiwa na upana wa dakika 0.16 kinatoa 50, 50 mara 50 ni 2,500, mara 5.54 ni 13,850. Kolamu ya sentimita 25 yenye chembe za mikromita 5 ikishindiliwa kwa ustadi mkubwa hufikia 20,000. Mimi naridhika na 12,000 kwa kolamu ya nyumbani. Ikiwa chini ya 10,000 siku ya kwanza, sioni sababu ya kuianzisha kazi. Itoe unga uanze upya, maana kolamu haipati nafuu kwa kutumiwa.

Rekodi ikiwepo, swali la kwanza kila tatizo linapotokea ni hili: je, vilele vyote vimeharibika, au baadhi? Mlango wa kolamu, yaani mwisho ambako sampuli huingilia, ukiharibika, kila kinachopita kinaumia, urasili na naftalini sawasawa. Kemia ya uso wa silika ikiharibika, wanaoumia ni wachache: dawa zenye asili ya amini zinaanza kuburuta mikia mirefu huku naftalini ikiwa bado imesimama wima. Tofauti hii moja inaokoa muda mwingi kuliko vitabu.

Unga unaposhuka

Tukianza na mlango, hapa ndipo kolamu nyingi za kushindilia wenyewe hufia. Mkulima wa Mbozi anajua kwamba debe la mahindi lililojazwa bila kutikiswa halifiki sokoni likiwa limejaa. Barabara inalitikisa, punje zinajipanga upya, juu panabaki pengo. Unga wa silika ndani ya chuma hufanya hivyohivyo, ila kinachoutikisa ni presha. Kila pampu inapoanza, kila vali ya sindano inapogeuzwa, unga unapigwa kofi dogo. Kama siku ya kushindilia haukubanwa kuliko unavyobanwa kazini, utashuka, na pengo litatokea mlangoni.

Pengo hilo halionekani kwa nje na linaonekana dogo hata ukifungua. Lakini tupige hesabu. Katika bomba la milimita 4.6, pengo la milimita moja tu lina mikrolita 16 na nusu. Sindano ya kawaida ya sampuli ni mikrolita 20. Yaani karibu sampuli yote inamwagikia katika kidimbwi kabla ya kuanza safari, na sehemu yake inatangulia huku nyingine ikichelewa. Pengo likiwa upande mmoja tu wa mlango, sampuli inagawanyika njia mbili na kilele kinatoka pacha. Mtu anayeona pacha kwenye kromatogramu (mchoro wa vilele) ya kafeini, kemikali moja safi, asitafute maelezo katika kahawa.

Sasa, kwa nini unga haukubanwa vya kutosha? Viwandani na katika maabara zenye vifaa, rojo la silika, yaani unga uliokorogwa katika kimiminika, husukumwa kuingia bombani na pampu ya hewa: kompresa inasukuma pistoni pana, pistoni pana inasukuma nyembamba, na presha inafika bar 400 hadi 600 tangu sekunde za mwanzo, kimiminika kikikimbia kwa kasi kubwa. Kwetu wengi wanatumia pampu ya HPLC yenyewe. Pampu hii haishiki presha, inashika mtiririko: ukiiambia mililita 3 kwa dakika itatoa 3, na presha itakuwa yoyote itakayotokea.

Methanoli tupu ni nyepesi kutiririka. Kwa kolamu tuliyoitaja, mililita moja kwa dakika huleta presha ya bar 60 au 70 hivi, kwa hiyo mililita 3 ni kama bar 200. Fundi anaona kipimo kinasoma 200, anaona ni nyingi, anaridhika. Siku ya pili anaweka methanoli na maji nusu kwa nusu. Mchanganyiko huo ni mzito kuliko methanoli tupu na ni mzito kuliko maji matupu pia, jambo linaloshangaza wengi. Katika nyuzi 25 uzito wake wa kutiririka ni karibu mara tatu ya methanoli. Mililita moja tu kwa dakika inadai bar 180 au 200. Kolamu imekwishafikia presha iliyozaliwa nayo.

Halafu njoo Julai. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kipupwe joto hushuka chini ya nyuzi 10. Makete na Njombe msinitajie. Maji ya nyuzi 10 ni mazito kwa karibu theluthi moja kuliko ya nyuzi 20, na mchanganyiko na methanoli unaongezeka kwa kiasi kikubwa zaidi. Mashine ikiwashwa saa mbili asubuhi kabla chumba hakijapata jua, presha huweza kupita bar 250. Unga ulioshindiliwa kwa 200 unashuka asubuhi hiyohiyo. Mchana chumba kikipata joto presha inarudi ilipokuwa, kila kitu kinaonekana shwari, lakini pengo limeshapatikana. Ndiyo sababu nasema andikeni joto. Bila namba hiyo mtu atadhani kolamu iliziba asubuhi na kuzibuka mchana, kisha akabadilisha friti isiyo na kosa.

Dawa yake iko siku ya kushindilia. Aliye na pampu ya hewa aitumie kwa bar 400 na kuendelea, na suala hili linakwisha. Asiye nayo ana hila kadhaa. Ashindilie kolamu fupi, sentimita 10 au 15, kwa mtiririko mkubwa kabisa ambao pampu inaumudu. Unga ukishajaa, abadilishe methanoli tupu kwa methanoli na maji nusu kwa nusu, apandishe mtiririko polepole mpaka presha ikaribie kikomo cha pampu, aiache hapo saa moja au mbili. Uzito wa mchanganyiko, ambao kesho ungekuwa adui, leo unafanya kazi ya kubana. Kisha afungue mlango, ajaze palipopungua, afunge. Na kazini atumie mtiririko wa chini, na ikiwezekana asetonitrili badala ya methanoli kwa kuwa mchanganyiko wake na maji ni mwepesi zaidi. Kifaa cha kupasha kolamu kikiwekwa nyuzi 30 au 35 mwaka mzima, Julai na Desemba zinakuwa sawa.

Rojo nalo lina mambo yake. Gramu 3 za unga katika mililita 30 hivi za isopropanoli zinatosha kwa bomba la sentimita 25. Naipenda isopropanoli kwa sababu ni nzito kutiririka, takriban mara nne ya methanoli, kwa hiyo chembe zinachelewa kutuama. Zikituama kabla ya kusukumwa, kubwa zinatangulia chini na ndogo zinabaki juu, na unapata kolamu isiyo na umbo moja kutoka mlango hadi mlango. Weka rojo katika bafu ya mawimbi ya sauti dakika tano hadi kumi ili mabonge yavunjike, limimine mara moja, washa pampu. Usiende kunywa chai katikati.

Na tafadhali, usikoroge kwa sumaku. Kijiti cha sumaku kinachozunguka chini ya chupa ni kinu; kinasaga chembe za mikromita 5 kuwa vumbi, na vumbi hilo litajaza vitundu vya friti ya kutokea. Ndiyo maana pia sishauri kuutoa unga kutoka kolamu iliyokufa na kuushindilia tena. Una vumbi la kusagika, una mabaki ya kila sampuli iliyopita, na unaokoa fedha kidogo mno kulinganisha na kazi. Unga mpya wenyewe huwa na vumbi: ukoroge kwa mkono katika methanoli, uache utulie, mwaga ukungu wa juu, rudia mpaka kioevu cha juu kiwe angavu.

Kuna kipimo kimoja rahisi ambacho hakuna anayekifanya. Ndani ya bomba la sentimita 25 mna mililita 4.15 za nafasi, na kwa silika nyingi zinaingia gramu 2.5 hivi. Pima unga kabla, kausha na pima unaobaki kwenye tangi la rojo lililofungwa juu ya bomba baada ya kushindilia. Toa. Kiasi kinachoingia hutegemea aina ya silika, kwa hiyo linganisha kolamu zako zenyewe za unga uleule. Ikiwa tatu zilizopita zilimeza gramu 2.5 na hii imemeza 2.2, hii itashuka. Mizani ya maabara yoyote ya shule inaweza kukuambia hivyo wiki kadhaa kabla kromatogramu haijasema.

Kosa la mwisho katika siku hiyo ni haraka. Unga ukiwa bado chini ya presha, mtu anafungua nati, na unga unaruka juu kama umeachiwa spring'i. Zima pampu, acha presha ishuke yenyewe kupitia kolamu mpaka matone yakome kutoka upande wa pili. Nusu saa si nyingi. Kisha ondoa tangi, sawazisha mdomo kwa wembe, weka friti. Vaa miwani na barakoa. Vumbi la silika halina nafasi kifuani mwa mtu.

Kama pengo limeshatokea, kolamu huokolewa kwa muda. Fungua mlango, toa tabaka la juu lililobadilika rangi, tengeneza rojo zito la unga uleule kwa methanoli, jaza, sawazisha, weka friti mpya. Ikishuka tena baada ya siku chache, acha kuijaza. Ama haikubanwa tangu chini, au inayeyuka.

Kuziba

Hapa sina mengi, kwa kuwa kuziba hujitangaza kwa presha. Fungua viungo kimoja kimoja ukianzia upande wa kigunduzi kurudi kwenye pampu. Presha itakapoanguka, kizibo kiko katika kiungo ulichokitoa punde. Ikiwa ni kolamu, itenganishe na kigunduzi, igeuze, isukume polepole huku kimiminika kikitokea kwenye kikombe. Presha ikirudi kawaida, friti ya mlangoni ndiyo iliyoziba. Kolamu iliyoshindiliwa kwa presha ndogo usiigeuze hovyo. Unaweza kuokoa friti ukabomoa unga.

Uchafu wenyewe unatoka wapi? Sampuli isiyochujwa kwa kichujio cha mikromita 0.45, ndiyo. Lakini pia mpira wa pistoni ya pampu unaolika na kutoa vumbi jeusi, na bafa (kimiminika chenye chumvi za kushikilia pH) ya fosfeti iliyokaa kwenye chupa mpaka ikaota ukungu. Chumvi pia: fosfeti haipendi asetonitrili nyingi, na ikizidi asilimia 70 hivi huanza kuganda ndani ya mashine. Umeme ukikatika bafa ikiwa ndani na usirudi mpaka kesho yake, hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu chumvi inakauka kwenye friti na pistoni. Betri ya akiba haitaendesha mashine siku nzima, lakini dakika 20 zinatosha kusafisha bafa kwa maji kisha methanoli. Umeme ukirudi, anza na mililita 0.2 kwa dakika, upande taratibu.

Kwa dondoo za mimea, kolamu ndogo ya ulinzi mbele ya kubwa ni lazima. Uzuri ni kwamba anayeshindilia mwenyewe anaweza kuijaza mwenyewe.

Silika inapoyeyuka

Silika ni ndugu wa kioo, na kama kioo hailipendi alkali. Bafa ikizidi pH 8 inaanza kuyeyuka. Chini ya pH 2 silika yenyewe inavumilia, ila minyororo ya C18 inang'olewa usoni pake. Joto linazidisha yote mawili. Fosfeti ina ubaya wa ziada: hata kwenye pH 7, kolamu ikiwa na joto la nyuzi 40 na kuendelea, huyeyusha silika haraka kuliko bafa za kikaboni kama asetati.

Hili linachanganya kwa sababu nalo linaleta pengo mlangoni. Kimiminika kinachoingia hakina silika, kwa hiyo kinaila pale kinapoanzia. Kikifika katikati kimeshashiba. Fundi anafungua, anaona pengo, anasema sikushindilia vizuri. Namna ya kutofautisha ni kutazama muda wa kutoka. Unga ukishuka tu, naftalini itatoka pana au pacha, lakini karibu dakika ileile ya siku ya kwanza. C18 ikiwa inang'oka, naftalini inatoka mapema zaidi wiki baada ya wiki. Silika nayo ikianza kuwa uchi, amini zinaburuta mikia. Na kalenda inasaidia: unga mlegevu hushuka siku za mwanzo, kuyeyuka hujitokeza pole pole na hakukomi ukijaza.

Asiyeweza kuacha pH kubwa aweke bomba kuukuu lililojaa silika ya bei rahisi, chembe kubwa kubwa, kati ya pampu na vali ya sindano. Kimiminika kitashiba humo na kuiacha kolamu. Bomba hilo la kafara lijazwe tena likipungua.

Mwanafunzi mmoja alikuwa na hoja kwamba unga wa bei nafuu sokoni nao unaitwa C18 na unatakiwa kufanya kazi sawa. Jina ni lile, ila aina nyingine hazijafunikwa vizuri sehemu za silika zilizobaki wazi kati ya minyororo, na nyingine zina chembe zenye pembe badala ya duara. Chembe za duara hujipanga. Zenye pembe huvunjika pembe na kutoa vumbi. Nikilazimika kuchagua pa kubana fedha, nabana kwenye bomba, siyo kwenye unga.

Kuhifadhi hakuhitaji maneno mengi: toa chumvi yote, jaza methanoli ya nusu au zaidi, ziba ncha mbili. Kolamu ikikauka, unga unasinyaa na kupata nyufa. Ikiachwa na maji matupu wikendi moja, vijidudu vinaweka kambi kwenye friti.

Silika tupu na masika

Wanaopima pareto wana mkasa wao. Pairethrini sita za ua la pareto mara nyingi hutenganishwa kwa silika tupu isiyo na C18, kimiminika kikiwa heksani yenye kiyeyushi kingine kidogo. Silika tupu inapenda maji kuliko kitu chochote. Heksani iliyofunguliwa na kufungwa katika hewa ya masika ya Mufindi hubeba maji kidogo sana, lakini silika inayadaka yote, siku baada ya siku, mpaka uso wake umejaa. Pairethrini zinakosa pa kushika na kutoka mapema, zikisongamana. Ukisoma kwa vigezo vya C18 utasema kolamu imekufa, uso umeng'oka.

Haijafa. Angalia idadi ya sahani: ikiwa vilele bado ni vyembamba, vimehama tu, na presha ni ya kawaida, unga uko mahali pake na kinachosumbua ni maji. Kuyatoa kwa heksani kavu huchukua muda mrefu sana. Njia ya mkato ni dimethoksipropani, ile ya 2,2, asilimia chache katika heksani pamoja na tone la asidi ya asetiki. Inashika maji na kuyageuza kuwa methanoli na asetoni, ambazo huondoka. Pitisha, osha kwa heksani kavu, rudia sampuli ya siku ya kwanza, linganisha na daftari.